UZI: Mshipa wa damu ukichochewa na adrenalini muda mrefu, kipokezi kinazoea lakini ukuta unajijenga upya

Mwalimu wa Seli (#1)

Wakuu, salaam.

Kila mada ya presha ikianzishwa humu, lazima atokee mtu aseme adrenalini ikikaa juu muda mrefu haina shida kwa kuwa "mwili unazoea". Nimeisoma kauli hiyo mara nyingi mno, leo nimeamua kuifungulia uzi wake. Vipokezi (protini za seli zinazopokea ishara ya homoni) ni kweli vinazoea. Ukuta wa mshipa hauzoei kwa maana hiyo: unajijenga upya kufuata hali uliyowekewa, na ukishajijenga unaendelea kuleta shida hata adrenalini ikishuka. Nafundisha fiziolojia na jambo hili naliona zito, kwa hiyo mnivumilie kwa urefu.

Msingi kwanza. Neva za simpathetiki (neva za hali ya dharura, zisizoongozwa na hiari) zinazotembea juu ya mshipa zikichochewa zinamwaga noradrenalini, na tezi zilizokaa juu ya figo zinamwaga adrenalini kwenye damu. Zote mbili zinashika vipokezi vilivyo kwenye utando wa seli za misuli laini, yaani misuli ya ukuta wa mshipa. Mwaka 1948 Mmarekani Raymond Ahlquist alipendekeza kwamba vipokezi hivyo viko vya aina mbili, akaviita alfa na beta. Wazo lake halikupata wasikilizaji wengi mpaka James Black alipolifanyia kazi miaka ya 1960 na kupata propranololi, dawa inayoziba beta.

Kwenye mshipa, kwa sehemu kubwa alfa-1 inabana na beta-2 inalegeza. Noradrenalini inaishika alfa vizuri, beta-2 inaigusa kwa unyonge. Adrenalini inazishika zote. Ndiyo maana adrenalini kidogo inaweza kulegeza mishipa ya misuli ya miguu huku ile ya ngozi, figo na utumbo ikibana.

Sasa tazameni kinachotokea muda unavyokwenda. Alfa-1 ikishikwa, protini ya G, inayopitisha ishara ya kipokezi ndani ya seli, inaamsha kimeng'enya fosfolipasi C, kalsiamu inamwagika kutoka kwenye ghala lake ndani ya seli, inaungana na protini ya kalmodulini, kinasi ya myosini (kimeng'enya kinachobandika fosfeti kwenye myosini, protini inayovuta msuli) inawashwa, msuli unajikunja. Masomo mengi yanaishia hapo. Lakini ukipima kalsiamu ndani ya seli unakuta imepanda ghafla, halafu muda mfupi baadaye imeshuka na kutulia juu kidogo tu ya kiwango cha mwanzo. Mshipa bado umebana. Unashikiliwa na nini?

Na vitu viwili. Cha kwanza ni Rho-kinasi, kimeng'enya kinachowashwa na vipokezi hivyohivyo. Kazi yake ni kukizuia kimeng'enya kingine kinachoondoa fosfeti kwenye myosini. Fosfeti isipoondolewa, kalsiamu kidogo inatosha kuendeleza mbano. Cha pili ni tabia ya misuli laini yenyewe: vichwa vya myosini vinang'ang'ania aktini (uzi wa protini ambao vinauvuta) na kuachia polepole mno, kwa nishati ndogo sana. Mtu aliyekuwa anavuta kamba yenye mzigo, akaifunga fundo, mzigo haushuki naye hatoki jasho. Hivyo ndivyo mshipa unavyokaa. Msuli wa mkono ukikunjwa mfululizo utachoka na kuachia. Wa mshipa unaweza kukaa hivyo saa nyingi. Kwa hiyo anayetegemea mshipa uchoke wenyewe kubana, asitegemee.

Kuna mahali mbano unapunguzwa hata kichocheo kikiendelea. Ukichochea neva za simpathetiki za utumbo mfululizo, mtiririko wa damu unaporomoka, kisha baada ya dakika chache unapanda tena sehemu fulani ingawa neva bado zinachochewa. Wanafiziolojia wanasema vishipa "vimetoroka". Tishu iliyokosa damu inakusanya adenosini na mabaki mengine ya umetaboli, nayo yanalegeza vishipa vidogo vilivyo karibu. Vena hazitoroki namna hiyo, zinaendelea kubana na kusukuma damu kuelekea moyoni.

Halafu kuna kuzoea kwa kipokezi chenyewe, na hapa ndipo kauli ya "mwili unazoea" ilipozaliwa. Kipokezi kikikaa kimeshikwa, kinasi maalumu zinakibandika fosfeti upande wa ndani ya seli. Protini iitwayo beta-arestini inakuja kukaa pale, na kipokezi kinakosa mawasiliano na protini ya G. Hilo huanza ndani ya sekunde hadi dakika. Baadaye kipokezi kinavutwa ndani ya seli. Kichocheo kikiondoka mapema, kinasafishwa na kurudishwa juu ya utando. Kichocheo kikiendelea kwa saa au siku, vingi vinavunjwavunjwa na seli inapunguza kutengeneza vipya. Robert Lefkowitz na Brian Kobilka walipewa Nobeli ya kemia mwaka 2012 kwa kazi yao kuhusu familia hii ya vipokezi, na kipokezi walichokichimba zaidi ni hichihichi cha beta-2.

Ukuta wa mshipa nitaufikia. Karibuni na maswali kwanza.

---

Bado Nauliza (#2)

Mwalimu, asante, nimeelewa kuliko nilivyoelewa darasani. Ila umenichanganya. Kama vipokezi vinavutwa ndani na kuvunjwa, si ina maana mtu mwenye adrenalini nyingi kila siku presha yake ingeshuka yenyewe baada ya wiki kadhaa? Mbona hatuoni hivyo?

---

Mfamasia Kijana (#3)

Wakati tunamsubiri Mwalimu, niweke mfano ambao kila mtu anaweza kukutana nao: dawa za kupuliza puani za kufungua pua iliyoziba. Oksimetazolini na zailometazolini zote zinachochea vipokezi vya alfa. Ukipuliza, mishipa ya ndani ya pua inabana, uvimbe unanywea, unapumua.

Mtu anaitumia siku tatu, pua imefunguka, anafurahi. Anaendelea. Baada ya hapo dozi ileile inadumu muda mfupi zaidi, na ikiisha nguvu pua inaziba kuliko mwanzo. Anaongeza. Sasa pua imeziba kwa sababu ya dawa yenyewe, wala mafua yaliyomleta hayapo tena. Vipokezi vimefifia, na utando uliokuwa umebanwa na kunyimwa damu unavimba kila dawa inapouachia. Ndiyo maana maelekezo yanasema usizidishe siku 3 hadi 5. Ninawaona wateja waliozitumia kwa miezi na wanaomba chupa nyingine kwa huzuni kabisa, kwa sababu bila hiyo hawalali.

Njia ya kutoka ipo: unaacha, mara nyingi kwa msaada wa dawa ya steroidi ya kupuliza puani, na unastahimili siku za mwanzo ambazo ni ngumu. Mwone daktari au mfamasia wako, usipambane peke yako.

---

Mwalimu wa Seli (#4)

Mfamasia, umetoa mfano mzuri sana. Niongeze moja tu kabla sijamjibu Bado Nauliza. Si kila dawa inayopoteza nguvu imepoteza vipokezi. Efedrini kwa sehemu kubwa haishiki kipokezi moja kwa moja, inasukuma noradrenalini itoke kwenye ncha za neva. Ukirudia dozi kwa karibu, ghala la neva linapungua na athari inafifia, wakati vipokezi bado vipo vingi. Kwa nje utaona jambo lilelile.

Sasa swali la #2. Hilo ndilo swali la uzi huu wote.

Kwanza, alfa na beta hazizoei sawasawa. Beta-2 inafifia haraka. Alfa-1 ina aina ndogo tatu, A, B na D, na kwenye majaribio ya seli alfa-1B inavutwa ndani kwa kasi kuliko alfa-1A, ambayo ni sugu. Maana yake nini kwa mshipa? Uchochezi ukiwa mrefu, upande wa kulegeza unaweza kupungua nguvu mapema kuliko upande wa kubana. Watu wengi wenye presha ya juu mishipa yao inalegea kidogo kuliko kawaida ikichochewa kupitia beta. Kwa hiyo "kuzoea" kunaweza kukuachia mshipa unaobana zaidi.

Pili, na hili ndilo kubwa, ukuta. Seli ya msuli laini iliyokaa imejikunja muda mrefu haisubiri. Vishipa vidogo vilivyotolewa kwenye wanyama na kuwekwa maabara kwenye noradrenalini kwa saa chache, seli zake zinaanza kujipanga upya: zinarefuka na kupandana zaidi, kiasi kwamba ule wembamba unaanza kushikiliwa na mpangilio wenyewe. Saa chache tu! Hali ikiendelea wiki na miezi, kolajeni na vifungo vingine nje ya seli vinawekwa kufuata umbo hilo jipya. Mara nyingi kwenye ugonjwa wa kawaida wa presha ya juu ukuta haujaongezewa nyama nyingi, nyama ileile imepangwa kuzunguka tundu dogo zaidi. Pia kupitia alfa-1 seli hupata ishara za kukua, hivyo kwenye mishipa mikubwa unaweza kuona seli zenyewe zimenenepa.

Sasa chukua hesabu. Ukinzani wa mshipa unategemea nusu-kipenyo kikipandishwa kipeo cha nne. Tundu likipungua kwa asilimia 10, ukinzani unapanda kwa takribani asilimia 52. Likipungua kwa asilimia 20, ukinzani unakuwa karibu mara mbili na nusu. Mabadiliko ambayo macho yasingeyaona chini ya hadubini bila kupima yanatosha kuharibu presha ya mtu.

Msweden Björn Folkow aliling'ang'ania jambo hili kwa miongo. Alionyesha kwamba ukuta ukiwa mnene kulinganisha na tundu, mbano uleule wa seli unaziba tundu kwa kiasi kikubwa zaidi kuliko kwenye mshipa wa kawaida. Yaani vipokezi vinaweza kupungua, ishara ikawa ndogo, na bado matokeo yakawa makubwa kwa sababu ishara ndogo inaangukia kwenye ukuta unaoikuza. Ukipima vipokezi peke yake utasema mwili umezoea. Ukipima presha utaona haujazoea chochote.

---

Nesi wa Zamu (#5)

Nimefanya kazi wodi ya wagonjwa mahututi na nimesoma #4 mara mbili. Sisi tunaiona hali hii ndani ya usiku mmoja. Mgonjwa wa maambukizi makali yaliyoingia kwenye damu, presha imeanguka, tunaweka noradrenalini ya mshipani kwa pampu tukilenga wastani wa presha ya ateri ufike 65. Inapanda. Baadaye dozi ileile haimshiki, tunaongeza, tunaongeza tena, huku vidole vinaanza kuwa vya baridi na rangi inabadilika. Inaumiza kuangalia, kwa sababu unaona viungo vya pembeni vinabanwa mno wakati presha yenyewe bado iko chini. Mwalimu, inakuwaje mshipa huohuo ukatae na ukubali?

---

Mwalimu wa Seli (#6)

Dada, asante kwa kazi yenu. Si mshipa huohuo, na hiyo ndiyo sehemu ya jibu. Ngozi ya vidole ina vipokezi vingi vya alfa na haina umetaboli wa kutosha kujikomboa. Mishipa ya sehemu nyingine imezamishwa kwenye nitriki oksidi, gesi inayolegeza mishipa, inayotengenezwa kwa wingi wakati wa maambukizi, asidi imepanda kwenye damu, na milango ya potasiamu kwenye seli za misuli laini imefunguka kiasi kwamba kalsiamu haiingii inavyotakiwa. Juu ya hayo yote, vipokezi vya alfa vimeshikwa mfululizo vikafifia. Kuongeza noradrenalini ni kugonga zaidi mlango ambao kwa ndani umeshafungwa.

Ndiyo sababu mnaongezewa vasopresini, homoni nyingine inayobana mishipa. Inapita kwenye kipokezi chake tofauti kabisa, V1, na akiba ya mwili ya homoni hiyo kwa wagonjwa hawa huwa imeshuka. Na ndiyo sababu madaktari hufikiria haidrokotisoni dozi ya noradrenalini ikiendelea kupanda: steroidi zinasaidia seli kutengeneza vipokezi vipya na kurudisha mwitikio wake.

---

Nesi wa Zamu (#7)

Nimeelewa sasa kwa nini hatupandishi moja tu. Niwakumbushe wenzangu wanaosoma: noradrenalini ikivuja nje ya mshipa, ngozi ya pale inaweza kufa. Angalieni sehemu ya sindano kila wakati. Ikivuja, mwite daktari mara moja. Fentolamini ikichomwa kuzunguka pale inaziba vipokezi vya alfa na kuiokoa ngozi. Muda ni mfupi.

---

Mkimbiaji (#8)

Mada nzuri wakuu. Lakini mimi nakimbia karibu kila siku, na nikikimbia adrenalini inapanda kweli kweli. Mbona basi mazoezi yanasifiwa? Kwa hoja zenu mishipa yangu ingekuwa imeshakuwa myembamba.

---

Mwalimu wa Seli (#9)

Mkimbiaji, kilichobeba hoja yangu ni neno "mfululizo". Unapokimbia uchochezi unapanda halafu unashuka, na saa nyingi zilizobaki unabaki chini. Vipokezi vinapata nafasi ya kurudi.

Kuna jambo jingine zuri. Ndani ya msuli unaofanya kazi, mishipa haiitikii noradrenalini kwa nguvu yake ya kawaida. Neva zinapiga kelele "bana", lakini mazao ya msuli unaochapa kazi pamoja na nitriki oksidi yanaififisha amri hiyo pale pale, wakati figo na utumbo vinaitii. Damu inapelekwa inakohitajika. Na mkondo wenyewe wa damu unaokwaruza endothelia (seli zinazotanda upande wa ndani wa mshipa) unazifunza seli hizo kutoa nitriki oksidi zaidi. Robert Furchgott alionyesha mwaka 1980 kwamba endothelia ikiondolewa mshipa hupoteza uwezo wa kulegea ukipewa asetilikolini (kemikali ya neva), na kutoka hapo ndipo ikaja Nobeli ya mwaka 1998 aliyoshirikiana na Ignarro na Murad.

Wanaonitia wasiwasi ni wale ambao uchochezi hauwaachii: mwenye kukosa pumzi usingizini mara kwa mara usiku kucha, mwenye moyo ulioshindwa kusukuma, mwenye figo zilizochakaa, mwenye kutumia kokeini au methamfetamini. Hao mishipa yao haipati mapumziko.

---

Kijana wa Biolojia (#10)

Samahani kuingilia. Kuna ugonjwa tuliutajiwa, feokromositoma, uvimbe wa tezi ya adrenali unaomwaga hizi homoni. Hao si ndio kipimo halisi cha uchochezi wa muda mrefu? Na kwa nini tulisisitizwa kwamba beta isizibwe kwanza?

---

Mwalimu wa Seli (#11)

Ndio hasa. Wagonjwa hawa wana presha kali, lakini wengi wakisimama presha inaanguka na kizunguzungu kinawapata. Mishipa imebana miezi mingi, chombo kimekuwa kidogo, mwili nao ukapunguza maji ya damu kukitosha. Vipokezi vimefifia, kwa hiyo akisimama mwitikio wa haraka wa kubana mishipa haupo wa kutosha.

Ukimziba beta kwanza umemwondolea beta-2 iliyokuwa inalegeza, ukaiacha alfa peke yake ikibana bila mpinzani. Presha inaweza kupaa kwa hatari kubwa. Kwa hiyo alfa inazibwa kwanza, kwa kawaida siku 7 hadi 14 kabla ya upasuaji, kwa fenoksibenzamini au dozasosini, pamoja na chumvi na maji ya kutosha ili mishipa inayofunguka ipate cha kuijaza. Beta inafuata baadaye kama mapigo yako juu. Na uvimbe ukitolewa, timu yote inajiandaa presha kuporomoka, kwa sababu homoni imekatika ghafla kwa mishipa iliyokuwa imeitegemea.

---

Mfamasia Kijana (#12)

Hapo kwenye "ghafla" naomba nisisitize kwa wanaotumia dawa. Kinyume cha kuzoea nacho kipo. Ukiziba beta kwa propranololi muda mrefu, seli zinaongeza vipokezi. Ukiacha siku moja bila kupunguza taratibu, adrenalini ya kawaida inakuta vipokezi vingi vinavyoisubiri: moyo unakwenda mbio, na kwa mwenye ugonjwa wa mishipa ya moyo hata mshtuko wa moyo unaweza kutokea. Klonidini nayo, ambayo inatuliza simpathetiki kutokea kwenye ubongo, ikikatwa ghafla presha inaweza kuruka juu kupita ilivyokuwa kabla ya matibabu. Tafadhali sana, dawa ikiisha au ikikushinda bei au madhara, zungumza na aliyekuandikia kabla hujaacha.

---

Bado Nauliza (#13)

Nimesoma uzi mzima. Mwalimu, swali langu la mwisho: ukuta ulioshajijenga upya unaweza kurudi? Au ndiyo basi?

---

Mwalimu wa Seli (#14)

Unaweza kurudi kwa kiasi, na inategemea umeshusha presha kwa njia gani. Hapa kuna matokeo ambayo kila mwaka nawasomesha wanafunzi kwa sababu yanabadilisha namna ya kufikiri.

Wagonjwa wa presha walichukuliwa vipande vidogo vya nyama ya makalioni na ateri zake ndogo zikapimwa, kabla na baada ya matibabu ya muda mrefu. Waliopewa atenololi, inayoziba beta, presha ilishuka lakini ateri zilibaki na umbo lilelile la ukuta mnene na tundu dogo. Waliopewa dawa zinazozuia angiotensini, homoni inayobana mishipa, presha ilishuka kwa kiwango cha kukaribiana na umbo la ateri likaelekea kwenye la kawaida. Kinachoelezwa ni kwamba atenololi inapunguza kazi ya moyo huku ateri ndogo zikibaki zimebana, wakati dawa za angiotensini zinalegeza ateri zenyewe. Dawa za kuzuia milango ya kalsiamu nazo, ambazo pia hulegeza, zimeonyesha mwelekeo huohuo wa kurekebisha ukuta.

Angiotensini imeingiaje kwenye uzi wa adrenalini? Kupitia figo. Neva za simpathetiki zinashika vipokezi vya beta-1 kwenye seli za figo zinazotoa kimeng'enya renini, renini inaleta angiotensini II, na hiyo nayo inabana mishipa, inasukuma seli kukua, na kuongeza utoaji wa noradrenalini kwenye ncha za neva. Kwa hiyo unaweza kuona vipokezi vya alfa vimefifia kabisa na bado mshipa ukaendelea kujengwa upya, kwa sababu kazi imeshachukuliwa na homoni nyingine iliyoamshwa na simpathetiki hiyohiyo.

Kwa hiyo jibu la swali lako ni ndiyo, ila kwa miezi hadi mwaka, si kwa wiki, na presha kusoma vizuri kwenye kipimo haitoshi kukuambia kwamba ukuta umerudi. Ndiyo maana simshauri mtu aache dawa kwa sababu kipimo cha mwezi huu kimekaa sawa.